Mwombaji Atasimama Mbele ya Afisa

Nchi ninayotaka kuwasimulia ni kisiwa, na jina lake nalihifadhi kwa sababu wenyewe hawapendi kutajwa wakiwa kazini. Ina bendera, ina wimbo, ina mawaziri ishirini na tisa na mnara mmoja wa simu. Asiyeijua asihangaike kuitafuta. Anayedhani anaijua, basi hiyo ni nchi nyingine, na ayafikirie mambo ya kwao.

Mimi niliishi huko yalipotokea haya, na shida yangu ilikuwa moja tu: cheti cha kuzaliwa cha mwanangu Tausi.

Tausi alizaliwa mwezi Juni, na daftari la vizazi la wilaya yetu lilikuwa limeisha kurasa mwezi Mei. Karani alinieleza kwa upole kabisa kwamba laiti ningejifungua wiki tatu mapema pasingekuwa na tatizo. Daftari jipya likaagizwa, likachukua miaka sita na nusu kufika. Muda wote huo, kwa mujibu wa sheria, mtoto asiyeandikwa alihesabiwa kuwa hajazaliwa, kwa hiyo kwenye kumbukumbu za serikali mimi nilikuwa mjamzito. Sikulalamika. Kliniki walinipisha kwenye kiti, na kila mwezi nesi alinipima tumbo akaandika "mtoto amelala vizuri", huku mtoto mwenyewe amesimama pembeni yake anamsomea bango la chanjo lililobandikwa ukutani.

Maana kusoma alikuwa anajua. Alijifunza kwenye mifuko ya unga. Lakini shule ilimkataa alipofika miaka sita kwa kuwa hajazaliwa, na mwaka uliofuata mwalimu mkuu akaniambia, "Mama Tausi, hii ndiyo nafasi ya mwisho. Akivuka miaka saba bila kuingia darasa la kwanza anahamishiwa elimu ya watu wazima. Orodha naifunga Ijumaa ya mwisho wa mwezi ujao, saa sita mchana."

Tausi akauliza kama huko kwa watu wazima kuna bembea. Mwalimu akasema hakuna.

Basi nikaenda kwa Bwana Shaweji, Karani Mkuu wa Vizazi na Vifo. Daftari lilikuwa limefika, nililiona kwa macho yangu, lingali limefungwa kwenye karatasi ya dukani. Akanipa fomu, ambayo ikigongwa mhuri ndiyo cheti chenyewe, lakini akaniomba nisubiri, maana daftari halijazinduliwa rasmi na hakuna anayeruhusiwa kuliandika. Niliporudi, imebaki wiki moja orodha ifungwe, daftari lilikuwa limezinduliwa na ofisi ilikuwa imehamia baharini.

Hilo linahitaji maelezo.

*

Yalianza na msichana mmoja mgeni aitwaye Maarit, aliyekuja kisiwani na kompyuta na ubao mrefu wa kutelezea juu ya mawimbi. Asubuhi alikaa kwenye kibanda cha makuti akibonyeza kompyuta yake. Saa nne aliifunga, akabeba ubao, akaingia majini, akalala kifudifudi juu yake na kupiga maji kwa mikono, na wimbi likija alisimama wima mgongoni mwake kama mtu anayengojea lifti. Mchana alirudi kwenye kompyuta. Hakumsumbua mtu, na alisalimia.

Mheshimiwa Fumo, Waziri wa Mipango na Mambo Yatakayokuja, alimwona siku moja akipita na msafara. Akasimamisha magari yote tisa.

"Binti, unafanya nini hapa?"

"Nafanya kazi, mheshimiwa."

"Kazi gani hiyo ya chupi?"

"Natengeneza tovuti ya duka la viatu. Sasa hivi nimepumzika."

"Duka liko wapi?"

Maarit akataja mji ulio maili elfu tano kutoka pale.

"Na bosi wako anajua kwamba hauko ofisini?"

"Anajua. Anasema kazi yangu imekuwa nzuri zaidi tangu niondoke."

Mheshimiwa akarudi garini kimya, jambo lililowatia hofu wasaidizi wake. Kamati ya wataalamu iliundwa kabla msafara haujafika mjini. Ikafanya upembuzi yakinifu wa miezi minne, na ripoti yake niliisoma yote, kwa sababu Bi Kijakazi muuza vitumbua aliitumia kufungia. Iligundua kwamba binti yule yuko maili elfu tano kutoka ofisini kwake na kazi inakwenda. Watumishi wa kisiwa wako hatua tatu kutoka kwenye meza zao na kazi haiendi. Kwa hiyo kinachoudhoofisha utumishi wa umma ni ukaribu. Ilipendekezwa watumishi wawekwe mbali na ofisi kadiri nchi itakavyoruhusu. Nchi yenyewe ina upana wa maili sita, hivyo umbali wa maana ulipatikana majini tu. Kiambatisho cha mwisho kilikuwa na mafuta mengi ya kitumbua, ila nilisoma kwamba mbao za mawimbi zitahesabiwa kuwa samani za ofisi.

Mpango ukaitwa Mkakati Kabambe wa Kazi za Mbali na Mawimbi, kwa kifupi MKAKAMBAMA. Kwaya tatu zikatungiwa nyimbo kabla hatujaelewa.

*

Uzinduzi ulipangwa saa mbili asubuhi, kwa sababu Maarit, ambaye aliteuliwa kuwa mshauri bila kuulizwa, alisema saa hiyo maji hujaa na mawimbi huwa mazuri. Kweli saa mbili mawimbi yalikuwepo, marefu, yamejipanga vizuri kuliko wananchi. Hakuna aliyeruhusiwa kuyagusa. Mgeni rasmi alikuwa hajafika.

Mheshimiwa Fumo alifika saa nane na dakika kumi. Bahari ilikuwa imekupwa mpaka nyuma ya mwamba. Mbele ya jukwaa palibaki mchanga, mwani na kaa mmoja.

"Bahari iko wapi?" mheshimiwa akauliza.

"Imekupwa, mheshimiwa," akajibu mkuu wa wilaya.

"Iliarifiwa kwamba nakuja?"

Mkuu wa wilaya akamgeukia katibu wake. Katibu akafungua faili, akapekua, akalifunga. "Barua haikuandikwa, mheshimiwa. Tulichukulia kwamba bahari ipo siku zote."

Hata hivyo shughuli haikuahirishwa. Ubao uliwekwa mchangani. Mheshimiwa alivuliwa viatu, watu wanne wakampandisha, akapanua mikono kama alivyoona wageni wakifanya, akapigwa picha ambayo mpaka leo iko kwenye noti. Kisha akahutubia akiwa palepale juu.

"Ndugu wananchi, itifaki imezingatiwa. Leo kisiwa chetu kimesimama. Wenzetu wamesimama juu ya nchi kavu miaka mia, wakajiona wameendelea. Nawauliza, kusimama juu ya nchi kavu kuna ugumu gani? Mbuzi anaweza. Serikali yenu sikivu imeamua kusimama pale ambapo hapasimamiki. Kuanzia leo mtumishi wa umma hatakaa. Atateleza. Na wewe mwananchi usiende kumchosha ofisini, kwa sababu hatakuwepo, na kutokuwepo kwake ndiyo kazi. Natangaza kwamba wimbi hili," akanyoosha kidole kuelekea kwa kaa, "limezinduliwa rasmi."

Tukapiga makofi. Kaa akaingia shimoni.

Kesho yake Maarit akataka kurudi majini, akaambiwa sasa kuna utaratibu. Atajaza fomu ya kuomba wimbi, nakala tatu, akitaja urefu wa wimbi, upande linakotoka na sababu za kulihitaji, na majibu yatatoka ndani ya siku kumi na nne za kazi. Alijaza. Siku ya kumi na nne akaletewa kibali cha wimbi lililopita tarehe saba. Akaaga watu wote, mmoja mmoja, akahamia kisiwa kingine. Bungeni ikatangazwa kwamba idadi ya wageni wanaofanya kazi za mbali imeshuka kwa asilimia mia moja, na wabunge wakapiga meza, maana ilikuwa mara ya kwanza kwa wizara ile kufikia asilimia mia moja katika jambo lolote.

*

Kwa hiyo Jumatatu ile ya wiki ya mwisho nilikuta ofisi ya Bwana Shaweji ina kufuli. Mlangoni ulikuwepo ubao wa matangazo umeandikwa HUDUMA ZOTE ZINATOLEWA HAPA, na chini yake Bi Kijakazi na karai lake la mafuta.

"Usigonge, mwanangu, utaumia mkono bure," akasema. Akanyoosha mwiko kuelekea baharini. "Vizazi na Vifo ni boya la kijani. Ardhi ni jekundu. Lile linalozamazama ni Mipango Miji."

Nikatazama. Karibu na mwamba, pale mawimbi yanapoanza kuvunjika, watumishi kama arobaini walikuwa wamelala kifudifudi juu ya mbao, na suruali zao za kitambaa na tai zao, kila mmoja kakumbatia boya la idara yake. Boti ya serikali iliwavuta saa moja na nusu na kuwarudisha saa tisa na nusu. Vyombo vingine vyote vilipigwa marufuku kusogea, visije vikaharibu mawimbi ya umma. Kompyuta zilizama wiki ya kwanza. Mihuri, kwa kuwa ina mpini wa mti, ilielea.

Nikasubiri. Saa tisa na nusu Bwana Shaweji akashushwa ufukweni. Vidole vyake vilikuwa vimekunjamana kwa maji.

"Shikamoo, Bwana Shaweji."

"Marahaba. Hujambo, Mama Tausi? Mtoto mzima?"

"Mzima. Nimeleta fomu yake."

Aliitazama kama aliyefunga anavyotazama sahani ya futari adhuhuri. "Hapa tulipo ni nchi kavu, mama. Nchi kavu mimi ni raia kama wewe. Nikigonga mhuri hapa nitakuwa nimegonga nje ya kituo cha kazi."

"Mhuri si huo unaning'inia shingoni kwako?"

"Mhuri ni huo. Mwenye mamlaka ndiye amebaki kule kwenye boya."

"Basi nitamfuata kesho kulekule."

"Mfuate. Lakini soma nyuma ya fomu, ibara ya nne."

Nikasoma. *Mwombaji atafika mwenyewe, bila chombo wala wakala, na atasimama mbele ya afisa.*

"Nitaogelea," nikasema.

"Kuogelea ni kulala. Juzi alikuja mzee mmoja kwa kifo cha kaka yake, ameogelea vizuri tu, ikabidi nimrudishe. Iliniuma sana. Lakini alikuwa amelala."

"Na wewe mbona unalala?"

Akatazama nyuma, akashusha sauti. "Ibara ya nne haijanitaja."

*

Bi Kijakazi alisikiliza habari yote bila kuacha kugeuza vitumbua. Nilipomaliza akafuta mikono, akagonga ubao wa matangazo kwa kifundo cha kidole.

"Mvule huu," akasema. "Na ubao si chombo, ni samani ya ofisi. Miaka kumi na moja uko hapa haujamfaa mtu. Shika huko."

Tukaung'oa. Ulikuwa mrefu kunipita, mpana wa kutosha, na matangazo ya zamani yalikuwa yameganda juu yake tabaka kwa tabaka, hivyo haukuteleza miguuni. Nikajifunzia juu ya tangazo la mkutano ulioahirishwa.

Mwalimu wangu ni huyohuyo Bi Kijakazi. Maji ya bahari hakuwahi kuyaingia kupita kifundo cha mguu, lakini kwa miaka mitatu alikuwa amekaa pale akiwatazama wageni wote waliokuja kuteleza, na hapakuwa na anguko ambalo hakulijua chanzo chake.

"Magoti, mwanangu. Umenyooka kama uko kwenye gwaride."

"Nimekunja, bibi."

"Hujakunja. Umefikiria kukunja. Kunja."

Jumanne nilianguka mpaka masikio yakajaa mchanga. Tausi alikuwa akichora mstari ufukweni kila nilipoanguka. "Thelathini na moja, mama," akaniambia.

"Tangu asubuhi?"

"Tangu tulipokula."

Alikuwa akinipuliza macho maji ya chumvi yalipoingia, kwa makini sana, ulimi nje, kama ninavyompuliza mimi. Jioni namwogesha, akaniuliza, "Mama, nikizaliwa nitakuwa na miaka mingapi?"

"Saba."

Akafikiri. "Ni mingi kwa mtoto mchanga."

Jumatano mchana nilisimama. Lilikuwa wimbi dogo la ndani, la watoto, na nilikaa juu yake muda wa kumaliza bismillahi. Bi Kijakazi hakushangilia. Akageuza kitumbua, akasema, "Sasa acha kutazama miguu. Haikimbii. Tazama unakokwenda."

Alhamisi niliamka nikiwa tayari, lakini Alhamisi huduma zilisimama. Mheshimiwa Fumo alitegemewa kuja kukagua kituo, na kwa siku nzima hakuna mwombaji aliyeruhusiwa kusogea, ili mheshimiwa azikute ofisi zikiwa safi. Hakuja. Ikabaki Ijumaa.

*

Ijumaa saa mbili kasoro nilimwacha Tausi kwa Bi Kijakazi, amevaa sare niliyomshonea tangu mwaka juzi na kuishusha upindo mara mbili. Fomu niliitia kwenye mfuko wa nailoni nikaufunga kichwani kwa kanga. Nikalala juu ya mvule, nikapiga maji kwa mikono mpaka karibu na mwamba.

Bwana Shaweji alikuwa kwenye boya lake. Nikaweka kichwa changu sawa, wimbi likainuka nyuma yangu, nikakunja magoti, nikasimama. Nikapita mbele yake hatua tano hivi.

"Shikamoo," nikasema.

"Marahaba," akajibu, na mimi nimeshafika kwenye povu.

Wimbi zima lilikwenda kwenye salamu. Lakini ningefanyaje, mtu mzima yule.

Fomu ilikuwa na maswali kumi na moja, na ingawa nilikuwa nimeyajaza yote kwa kalamu, afisa alitakiwa kuyahakiki kwa mdomo huku mwombaji amesimama. Nilijirudisha kwa mikono mpaka nje, nikangoja, nikasimama, nikapita.

"Jina la mtoto?"

"Tausi."

Povu. Nikarudi.

"Jinsia?"

"Wa kike."

Povu. Nikarudi.

"Alizaliwa akiwa hai?"

"Si yule ufukweni anakupungia mkono?"

"Jibu ndiyo au hap—" Lakini nilikuwa nimeshapita. Ikanilazimu kupanda wimbi jingine zima kwa ajili ya kusema ndiyo.

Kufikia swali la sita mikono ilikuwa haisikii. Idara nyingine zilikuwa zimeacha kazi, kama zilikuwa nayo, zikawa zinatazama. Watu wa Ardhi walikuwa wakiniambia linakuja, jiandae. Afisa Misitu alitaka kujua ubao wangu ni wa mti gani na kama una kibali cha kukatwa, na Mipango Miji wakamwambia anyamaze, dada yuko swali la saba. Niliposimama kwa swali la nane, wakapiga makofi kwa mkono mmoja, maana mwingine umeshika boya.

Jua lilikuwa linakaribia utosini. Ufukweni nilimwona Tausi amekaa kwenye ndoo ya Bi Kijakazi, mgongo umenyooka, haegemei, asikunje sare.

Swali la kumi na moja lilikuwa, "Una uhusiano gani na mtoto?"

"Mama yake," nikasema. Na hilo nililisema taratibu. Sikujali kama wimbi litanisubiri.

Ukabaki mhuri. Hapo ndipo tulipoona kosa la mpango wote. Mimi nimesimama na karatasi mkononi, yeye amelala na mhuri shingoni, na kati yetu kuna urefu wa mtu. Nikarudi mpaka karibu yake, nikakaa juu ya ubao nikipumua, nikaifungua fomu kutoka kichwani.

"Bwana Shaweji, itabidi usimame."

"Nilikwambia ibara haijanitaja."

"Najua. Simama hivyohivyo."

"Mama Tausi, mimi nina watoto wanne."

"Mimi ninaye mmoja, na hajazaliwa."

Akalitazama boya kwa muda, halafu akaliachia kidole kimoja kimoja. Tangu walipohamia, wiki tano, hakuwahi kuliachia. "Wanasemaje?" akaniuliza. "Kuhusu magoti?"

"Kunja."

"Nimekunja."

"Hujakunja. Umefikiria kukunja."

Wimbi likaja, zuri, pana, likatubeba sote wawili. Nikasimama. Pembeni nikaona tai inainuka, kisha koti, kisha Karani Mkuu wa Vizazi na Vifo amesimama juu ya bahari, macho ameyafumba, watumishi thelathini na tisa wanamwambia magoti, magoti. Nikanyoosha karatasi. Akafumbua jicho moja, akapiga mhuri, akaenda chini.

Alipoibuka hakuwa na viatu tena.

"Umeona?" akaniambia, anatema maji. "Nimesimama kazini."

*

Zilibaki dakika ishirini kufika saa sita. Nilitoka majini nikamshika Tausi mkono, tukakimbia na kanga imenigandama, Bi Kijakazi nyuma yetu na kitumbua cha njiani.

Mwalimu mkuu alikuwa ameshafungua kofia ya kalamu kufunga orodha. Akaikunjua karatasi, akaisoma mstari kwa mstari, akaigeuza, akaiinua kwenye mwanga.

"Mhuri ni nusu," akasema.

Nikaangalia. Kweli. Wakati Bwana Shaweji anagonga, wimbi lilitikisika, na nusu ya mhuri ilikuwa kwenye karatasi na nusu nyingine imekaa kwenye kifundo cha mkono wangu, rangi ya zambarau, imetoka vizuri kabisa, hata tarehe inasomeka. Nikaweka mkono juu ya meza, nikausogeza mpaka ukingo wa karatasi. Duara likakamilika. Ngao ya taifa ikawa na miguu yake.

Mwalimu akavaa miwani. Akatazama kwa muda mrefu, kwa haki, kama mtu anayejua kazi yake. "Hati ni kamili," akasema. "Sina kipingamizi. Lakini cheti kinatakiwa kibaki shuleni, kwenye kumbukumbu za mwanafunzi."

"Kibaki, mwalimu."

"Chote."

Tukatazamana. Akafungua droo ya kabati la mafaili, akaipima kwa macho, akanipima mimi, akaifunga. Mwalimu wa darasa la kwanza akaitwa. Walishauriana pembeni, nikasikia neno "kiambatisho" mara tatu. Saa sita kasoro dakika moja mwalimu mkuu aliandika jina la Tausi mwisho wa orodha, akapiga mstari chini yake, akafunika kalamu.

Wino wa serikali ya nchi ile hautoki upesi. Hiyo ni sifa yake, sisemi vibaya. Jumatatu nilikaa dawati la mbele kushoto, magoti yangu juu ya meza, mkono nimeunyoosha ili kumbukumbu zionekane. Tausi alikuwa kando yangu na penseli iliyochongwa pande zote mbili. Alinitengenezea kola.

"Kaa vizuri, mama," akaninong'oneza. "Wanaita."

Mwalimu akafungua daftari la darasa, jipya, lenye kurasa nyingi, akaanza kusoma majina kutoka juu. Watoto wakaitika mmoja mmoja. Akashuka mpaka chini kabisa.

"Tausi."

Akasimama. Alisimama vizuri sana, mikono ubavuni, akangoja darasa zima linyamaze.

"Nimefika, mwalimu," akasema.

Mwalimu akaweka alama ya vema, akasogeza kidole mstari mmoja chini.

"Kiambatisho."

Nikasimama na mimi.